Hodi ya Tatu

Mama msimamizi wa kituo alinipigia simu nikiwa kwenye cherehani. Alianza na habari za kazi, akaja na habari za nyumbani, akafika mpaka kwenye joto la mji huu. Mtu mwenye neno jepesi hazunguki hivyo. Mwishowe akalitoa. Mdogo wangu amebadilika, anajikojolea mchana kweupe, juzi amejichafua kabisa, na wakitaka kumvua nguo anarusha mikono. Wenzake wanalalamikia harufu. Daktari wao ameshauri aanze dawa za kumtuliza na ahamishiwe chumba cha nyuma, pamoja na wale wasiojiweza. Kama siafiki, nije nimchukue, maana kwa hali ile hawawezi kuendelea naye.

Nilimwambia nitafika Jumamosi. Nilipokata simu nikakuta shati la mwanafunzi lililokuwa mbele yangu nimelishona mkono mmoja nje ndani.

Mdogo wangu ni mtu mzima. Ana ndevu, upara umeanza kumnyemelea, na ana kifua kipana alichorithi kwa baba, ambaye alikuja mjini kutoka kusini na patasi zake akachonga vinyago mpaka mwisho wa uhai wake. Ila akili yake ilibaki utotoni. Madaktari wana jina lao kwa hali hiyo, na mtaani watu wana majina yao, ambayo siyapendi na nimeshagombana na watu zaidi ya mmoja kwa ajili yake. Haongei sana. Anapiga msasa kinyago mpaka kinateleza mkononi, anaoga mwenyewe, anakula mwenyewe, na chooni alikuwa akienda mwenyewe tangu tukiwa wadogo. Siku ya kumpeleka kituoni waliniuliza: anaanguka kifafa? Anakimbia? Anapiga watu? Choo anakijua? Nikawajibu kwa majivuno kidogo kwamba choo anakijua kuliko baadhi ya wapangaji niliowahi kuishi nao.

Nilimpeleka huko baada ya mama kufariki. Kwanza nilijaribu kubaki naye. Asubuhi namwachia chakula na ndoo ya haja, nafunga mlango, halafu kutwa nzima kwenye fremu ninakoshona sare za shule siwazi kitu kingine ila moto na umeme. Mjomba alinipigia kutoka Masasi akaniambia, mwanangu, hapo utajizika mzima mzima. Ndugu wengine nao walishauri sana, kila mmoja akiwa amekaa kwake. Kituo kilikuwa Kipawa, nyumba kubwa ya kupanga yenye ukuta na geti jeusi, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikipita watu hunyamaza kwanza, ndipo wanamalizia walichokuwa wanasema. Sebuleni palikuwa na vigae vinavyong'aa na makochi yenye vitambaa. Wageni tulikuwa tunakaa hapo. Ndugu yako analetwa ameogeshwa na kupakwa mafuta, mnakula ulichobeba, muda ukiisha anarudishwa ndani. Huko ndani hatukupaona. Walisema wanalinda faragha ya wengine, na hakuna mgeni aliyetaka kuonekana mbishi.

Miezi ya mwanzo sikuwa na la kulalamika. Kulikuwa na mlezi mmoja wa makamo, mama wa Kilwa, anaongea kutoka asubuhi mpaka jioni, anajibu hata paka akilia. Mdogo wangu alinenepa, hata shati nililomshonea likambana. Kisha yule mama akaacha kazi, akaenda kwao kuuguza. Haukupita muda mrefu ikaja simu ile.

Jumamosi ile nilimkuta amekonda. Alipokaa nikasikia kitu kikichakacha chini ya suruali, nikaelewa kwamba wamemvisha pampasi. Mwanamume mzima, mtoto wa mama yangu. Akasema, "Dada," akaniangalia viatu, na hakuinua tena macho. Nilimuuliza nini kinamsumbua, nikamuuliza kama kuna mtu anamuumiza, nikamuuliza kwa upole na nikamuuliza kwa ukali. Alikuwa anavutavuta uzi wa kitambaa cha kochi. Wali wa nazi niliompikia, ambao siku zote huwa nikigeuka tu umekwisha, aliula vijiko vichache akausukuma pembeni.

Msimamizi alikuja kukaa nasi. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha, kwa sababu mtu mbaya unajua pa kumshika. Alinieleza kwamba wenye hali kama hii hushuka kadiri umri unavyokwenda, kwamba familia hukataa kuona, kwamba chumba cha nyuma si adhabu. Mimi chumba hicho sikuwahi kukiona, lakini niliwahi kukisikia. Siku moja tulikuwa sebuleni wageni kadhaa tunakula, mtu akaanza kugonga ukuta huko nyuma, pigo moja lile lile bila kupumzika, na sote tukapandisha sauti za maongezi yetu tukaendelea kula.

Niliomba niingie nione anapolala. Akakataa kwa adabu zote. Nilikuwa na hasira ya kupasua vigae vile kimoja kimoja, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, maana nusu yangu ilishaanza kumwamini. Labda kweli anashuka. Labda mama aliondoka na kile kilichokuwa kimemshikilia.

Macho yangu yakaenda kwenye mapazia. Yalikuwa yamepauka na jua, pindo limefumuka upande mmoja. Nikamwambia msimamizi kwamba sebule nzuri kama ile inaaibishwa na mapazia, na kwamba nitamshonea mapya, ya nyumba nzima, yawe sadaka ya marehemu mama yangu. Neno sadaka likamlainisha. Akasema nije siku yoyote katikati ya wiki nichukue vipimo, na kwa kuwa vipimo vya nyumba nzima havichukuliwi kutoka sebuleni, mlango wa ndani ukafunguka.

Nilikwenda Jumanne asubuhi na futi shingoni. Niliyoyaogopa sikuyaona. Hakuna aliyefungwa kamba, hakuna fimbo, hakuna alama mwilini mwa mtu. Mwandishi wa habari angetoka mle na kamera yake bila picha. Kulikuwa na korido ndefu, benchi la mbao ukutani, na watu wazima wamekaa wamepangana, mikono mapajani. Televisheni ilikuwa inawaka bila sauti. Mlezi alikuwa mmoja, binti wa watu, ana ugali jikoni, ana nguo kwenye beseni, ana mzee mmoja wa kulishwa kwa kijiko. Alikuwa anapita mbele yao akienda na kurudi, na sikumsikia akimwambia yeyote neno, wala yeyote hakumwambia yeye. Nimeishi nyumba za kupanga miaka mingi, nyumba ambazo hata ugomvi wa chumba cha jirani unaufuata kwa vituo, na sijawahi kusikia nyumba yenye watu wengi kiasi kile ikiwa kimya vile.

Nikapanda kwenye kistuli nikaanza kupima dirisha la mwisho wa korido. Mdogo wangu aliniona, akatabasamu kidogo, akabaki amekaa. Baada ya muda akainuka. Alikwenda taratibu mpaka kwenye mlango wa choo, uliokuwa umerudishiwa tu, wala haukufungwa. Akasimama wima mbele yake kama askari, mkono mmoja kifuani.

"Hodi," akasema.

Futi ikanitoka mkononi.

Zamani tulikuwa tumepanga Tandika, uani tuko familia nyingi, choo kimoja na bafu moja. Mdogo wangu alishaanza kuota ndevu. Siku moja aliingia bafuni bila kubisha na ndani alikuwamo mke wa mpangaji mwenzetu. Hakuwa na nia yoyote, alikuwa anatafuta ndoo yake, lakini kijana mwenye mwili ule akiingia kwa mwanamke bafuni watu hawaulizi nia. Walimtoa nje, wakamzingira, na kama mama asingefika akalala juu yake, leo nisingekuwa naandika habari hizi. Mwenye nyumba akatutaka tuhame. Tangu siku hiyo mama alimfundisha mdogo wangu jambo moja kwa nguvu zake zote. Hupiti mlango wowote bila hodi. Unapiga hodi, unangoja, ukisikia karibu unaingia. Usipojibiwa unapiga ya pili, unapiga ya tatu. Ya tatu ikikosa jibu, unarudi ulikotoka. Alimfundisha hivyo kwa mwaka mzima, kwa pipi na kwa machozi, na likamwingia moja kwa moja.

Tatizo likawa choo. Sisi wengine tunajua kwamba ukibisha mlango wa choo na ukasikia kimya, maana yake hakuna mtu, ingia. Kwake kimya kilikuwa kukataliwa. Mama alijaribu kumwelewesha kwamba choo ni tofauti, akashindwa, akaamua kumwitikia tu. Popote alipokuwa, jikoni, uani, kitandani anaumwa, akisikia hodi anajibu. Tulipojenga vyumba vyetu viwili Buza na kuachana na kuombaomba wenye nyumba, alianza kumjibu kwa namna yake: "Karibu, mwenye nyumba." Mdogo wangu alikuwa anacheka kila mara. Maneno hayo yalijaa nyumbani kwetu kutwa nzima mpaka masikio yetu yakaacha kuyasikia, na pale kituoni waliponiuliza kama choo anakijua, nilisema ndiyo kwa sababu ilikuwa kweli.

"Hodi," akasema mara ya pili.

Binti mlezi alipita nyuma yake na beseni la nguo. Alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Ndege ikapita juu ya paa, kila kitu kikatetemeka, na mdogo wangu akangoja kwa adabu mpaka kelele ziishe, akarekebisha mkono kifuani.

"Hodi."

Mimi ningeweza kumjibu. Nilikuwa nimepigwa na butwaa, mdomo wazi, nimesimama juu ya kistuli. Kabla sijapata sauti alishageuka. Akarudi kwenye benchi, akakaa, akabana mapaja. Nikamwona akibana, akijitahidi, jasho likimtoka, kisha nikaona mwili wake umelegea. Akafunika mapaja kwa mikono yote miwili, akainamisha uso. Alikuwa anaona aibu. Huyu waliyesema anashuka, asiyejielewa, alikuwa anaona aibu mbele za watu.

Nikashuka. Nilimuuliza yule binti kama anamsikia anapobisha.

"Tunamsikia dada. Kutwa hodi, hodi. Mie mwanzo nilikuwa namjibu."

"Ukaacha kwa nini?"

Akatazama upande wa ofisi. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba mama msimamizi alikwenda semina, akarudi na maelekezo kwamba zile hodi ni tabia ya kurudiarudia, na tabia kama hiyo ukiijibu unailea, ukiinyamazia inakufa. Kwa hiyo walikatazwa kumwitikia. Akaongeza kwamba yeye alidhani anawafanyia makusudi, mtu anafika mpaka mlangoni halafu anarudi kujikojolea kwenye benchi.

Damu ilinichemka, lakini nikajikaza. Kelele zingenitoa nje ya geti, na mdogo wangu angebaki ndani. Nilimwomba binti ambadilishe nguo na ampe uji na maji ya kutosha. Halafu nikarudi kwenye dirisha lile lile nikalipima upya, nikalipima tena, mpaka msimamizi akatoka ofisini kuuliza dirisha lile lina nini. Nikamwambia naomba asimame hapo na mimi kidogo tu. Akatazama saa yake, akasimama.

Tulingoja. Nilikuwa naomba Mungu, na nilichokuwa naomba ni mtu abanwe mkojo.

Akainuka. Akaenda, akasimama wima, mkono kifuani. "Hodi."

"Karibu," nikasema.

Akageuka akaniangalia. Nilidhani nimekosea, labda sauti yangu haimtoshi. Kisha akasukuma mlango akaingia. Tukasikia mkojo, tukasikia maji, tukasikia akinawa mikono muda mrefu kama alivyofundishwa. Akatoka na pampasi mkononi, kavu, akamkabidhi yule binti kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa. Binti akacheka, akamwona bosi wake, akaacha.

Msimamizi aliutazama mlango wa choo. Niliona kwenye uso wake kwamba ameelewa, na kwa dakika ile nilimpenda kabisa, nilikuwa tayari kumshonea mapazia ya maisha yake yote. Nikamwambia basi imekwisha, hakuna dawa, hakuna chumba cha nyuma, kinachotakiwa ni neno moja.

"Leo umemjibu wewe," akasema. "Kesho atamjibu nani?"

Nikamtazama binti. Binti akatazama sakafu. Msimamizi akanieleza bila jeuri yoyote kwamba mlezi ni mmoja kwa zamu, akiwa jikoni hamsikii, akiwa anaogesha mtu hawezi kuacha. Kila mmoja pale ana jambo lake, na yeye akianza kuahidi jambo la kila mmoja atakuwa anadanganya. Hapa si nyumbani, dada yangu, alisema. Pampasi zitaendelea, na akikorofisha, itabidi dawa.

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na matusi ya Tandika yote kichwani, yamejipanga. Lakini alikuwa amesema kweli tupu, na mtu akikuambia ukweli wake wote hana zaidi cha kukupa. Kwake neno moja lilikuwa kazi ambayo hana mtu wa kuifanya. Nilimfikiria mjomba na kujizika kwake, nikaifikiria fremu niliyoipata kwa shida, wateja wanaokuja kwa kuwa niko barabarani. Cherehani ingeweza kukaa barazani Buza. Wateja sikujua.

"Mfungie nguo zake," nikamwambia binti.

Wakati begi linafungwa nilikaa kwenye benchi katikati yao. Mwanamume mmoja mwenye mvi alikuwa anashika sikio lake, anaachia, anashika tena, akinitazama kama anayengoja nimjibu. Mwingine alikuwa anasogeza kandambili zake ziwe sawa, akimaliza anazivuruga na kuanza upya. Kila mmoja pale alikuwa na hodi yake, na mtu aliyeijua alikuwa amekufa au yuko mbali. Nilishika sikio langu. Yule mzee akacheka. Kisha begi likaja tukaondoka.

Tulipofika getini mdogo wangu alisimama akabisha, na mlinzi, ambaye hajui lolote, akamwitikia karibu kwa mazoea tu. Tukapanda bajaji mpaka Buza. Njia nzima nilikuwa nahesabu kichwani nini kitauzwa na nini kitahamishwa, naye alikuwa amekumbatia begi, anatazama nje.

Tulifika nyumbani majirani wakiwa wanaanua nguo. Nikafungua kufuli, nikasukuma mlango, nikamwambia pita. Akasimama kibarazani, viatu vyake vikiwa vimepangwa sawasawa, mkono kifuani.

"Hodi," akasema.

Nikamjibu karibu. Hakusogea. Nilikuwa nimesimama naye nje, bega kwa bega, na kwa mlango wa nyumba hata yeye anajua kwamba aliye nje pamoja na wewe hana ukaribisho wa kukupa. Nikamshika mkono nikamvuta, mwili wake wote ukagoma. Alikuwa anachungulia ndani, kwenye ile njia ya kwenda jikoni. Hapo ndipo nikaelewa kwamba anangoja atoke mama.

Jirani akauliza kuna nini. Nikaingia ndani, nikaurudishia mlango nyuma yangu, nikasimama kwenye sebule yenye joto na harufu ya nyumba iliyofungwa. Kanga ya mama ilikuwa bado msumarini. Nilifungua mdomo, sauti ikakataa. Mwaka mzima tangu tumzike nilikuwa sijalia vizuri, nilikuwa na sare za kushona, na sasa yote yalikuja kwa pamoja.

"Hodi," ikaja mara ya pili.

Nikasikia watoto wa jirani wakicheka huko nje, na mtu akiwanyamazisha. Nikashika kanga ile ukutani. Nilijua amebakiza moja, na nilijua baada ya hiyo ataokota begi lake na kurudi alikotoka, na alikotoka ni Kipawa.

"Hodi."

"Karibu," nikasema, sauti ikakwaruza, nikairudia kwa nguvu hata uani wakasikia. "Karibu, mwenye nyumba."

Mlango ukafunguka. Alikuwa anacheka.